Hotuba ya kuelimisha kuhusu sumukuvu: niipange kwa hatua, kwa visababishi, au kwa namna nyingine?

#1 Zuzu Ugani
Wanajukwaa, habari za jioni. Nimepewa dakika 15 kwenye maonyesho ya Nanenane, viwanja vya Nzuguni, nizungumze na wakulima wa mahindi na karanga kuhusu sumukuvu. Ni hotuba ya kuelimisha tu: sumu hii ni kitu gani, inatoka wapi, inaingiaje katika chakula, na mkulima anaweza kuipunguza kwa njia zipi. Siuzi mfuko wala dawa.

Habari nilizokusanya zinazidi sana muda niliopewa, na sasa nimekwama kwenye mpangilio. Rasimu moja inafuata safari ya punje kutoka shambani hadi kwenye sufuria. Nyingine inaanza na watu waliougua na kufariki hapa Dodoma na Manyara mwaka 2017, kisha inarudi nyuma kutafuta kilichosababisha. Madai yangu ni kwamba msikilizaji aliyesimama juani, mwenye mabanda mengine ya kutembelea, hushika mpangilio kabla hajashika taarifa. Akiweza kusema nyumbani "kwanza hiki, kisha kile", kitu kimebaki hata kama maelezo mengine yamepotea njiani. Ninyi mngepanga vipi?

#2 Mwalimu Chamwino
Karibu, ndugu. Kabla ya kuchagua rasimu, andika sentensi mbili juu ya ukurasa. Ya kwanza ni lengo mahususi, ambalo ni lako wewe na halisomwi kwa hadhira: baada ya dakika 15, mkulima aweze kutaja hatua ambazo mazao yake huingiwa na kuvu, na jambo moja la kufanya katika kila hatua. Ya pili ni wazo kuu, ambalo utalitamka kwa sauti: sumukuvu inaweza kuanza shambani, ikaongezeka tunapokausha vibaya, na ikaendelea kuongezeka ghalani.

Nimesahihisha hotuba nyingi za wanafunzi, na zile zinazoyumba karibu zote zina lengo lakini hazina wazo kuu. Mwandishi anajua anataka kuzungumzia nini, ila hajajiuliza anasema nini juu yake. Ukilipata wazo kuu, hoja zako zimo ndani yake tayari, na kuandika muhtasari ni kulifungua. Mengine ni yale yale ya tangu enzi za Wagiriki: utangulizi, kiini na hitimisho.

#3 Ng'hong'onha
Shikamoo, Mwalimu. Sentensi mbili naziunga mkono kabisa, ila kuna mambo mawili ya kurekebisha kwa faida ya wasomaji. Aristotle hakuhesabu sehemu tatu. Alisema hotuba ina sehemu mbili za lazima, yaani kutaja jambo na kulithibitisha, na kwamba hata ukiongeza utangulizi na hitimisho zisizidi nne. Walimu wa Kirumi ndio waliofika sita, kwa kuwa waliwaandaa watu wa mahakamani, ambao walilazimika kusimulia tukio, kugawanya hoja na kumjibu mpinzani. Pili, mlipuko wa sumukuvu wa Dodoma na Manyara ulikuwa mwaka 2016, si 2017.

Mgawanyo wa utangulizi, kiini na hitimisho haumwambii Zuzu Ugani chochote kuhusu mambo ya ndani ya kiini, na huko ndiko alikokwama.

#4 Sauti ya Singida
Salaam kwenu. Mimi huandaa vipindi vya kilimo redioni, na nionavyo mnajadili vyumba wakati tatizo liko kwenye milango. Msomaji akipotea hurudi aya ya juu. Msikilizaji akipotea hana pa kurudi. Anabaki pale pale na msemaji anasonga mbele. Ndiyo maana hotuba yenye mpangilio wa kawaida kabisa inaweza kueleweka vizuri ikiwa inavuka kutoka hoja moja hadi nyingine kwa sentensi iliyotengenezwa kwa makusudi.

Mfano: "Mpaka hapa tumeona kuvu inavyoingia mahindi yakiwa bado shambani, sasa tuyavune, tuyalete uani, tuone kinachotokea." Sentensi hiyo inafunga jambo moja, inatangaza linalofuata, na inamrudisha mtu aliyekuwa akiangalia trekta la banda la jirani. Iandikwe neno kwa neno kwenye muhtasari, kwa sababu ukiiachia papo hapo utasema "vilevile" au "jambo lingine", na msikilizaji hatajua kama unaloleta ni sababu, ni matokeo, au ni nyongeza tu.

#5 Mzee wa Mpwapwa
Binti yangu wa Singida amesema kweli, lakini nyumba yenye vyumba kumi na viwili inachosha hata ikiwa na milango mizuri. Alikuja mtaalamu mmoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji chetu kutueleza habari ya chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa kuku. Aliijua kazi yake, na Kiswahili chake kilikuwa chepesi. Akazitaja faida za chanjo moja baada ya nyingine, vidole vya mikono miwili vikaisha na bado anaendelea. Jioni tulipokaa pamoja, watu walikumbuka ya kwanza na ya mwisho, na mwenzetu mmoja alishikilia kwamba ile ya mwisho ilihusu mbuzi.

Kijana, weka hoja tatu. Ukiona ya nne, chunguza vizuri. Mara nyingi ni tawi la mojawapo ya zile tatu, basi irudishe kwenye shina lake.

#6 Ihumwa Stesheni
Shikamoo, mzee. Pamoja na heshima, sayansi inaturuhusu zaidi ya tatu. Mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba akili hushika vitu saba kwa wakati mmoja, vikizidi au kupungua viwili. Kwa hesabu hiyo, hoja tano si mzigo.

#7 Ng'hong'onha
Ndugu wa Ihumwa, saba hiyo ilitokana na majaribio ya kurudia tarakimu, herufi na maneno mara tu baada ya kuyasikia. Mwaka 2001 Nelson Cowan aliupitia upya ushahidi, akafikia karibu vinne pale watu wanapozuiwa kuvirudiarudia moyoni au kuvifunga mafungu. Tena majaribio hayo hayakumtaka mtu apande basi, afike nyumbani Bahi, amweleze mwenzake jioni.

Lakini jambo alilolishuhudia mzee, la kwanza na la mwisho kubaki, limeonekana mara nyingi sana katika majaribio ya kukumbuka orodha: katikati ndiko kunakosahaulika kwanza. Kwa hiyo swali la mleta uzi lina upande mwingine ambao hatujaugusa. Ni hoja ipi yuko tayari kuiweka katikati?

#8 Kolo Kilimani
Habari za leo, wakuu. Mimi huongoza wageni kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, ile iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Nikijaribu kueleza kwa kufuata wakati nakwama, kwa sababu umri wa michoro mingi una mjadala, na mgeni anaiona michoro myekundu na myeupe kwenye mwamba mmoja. Basi nafuata jicho lake, kutoka anapoanza kutazama hadi anapoishia, na tarehe zinaingia pale zinapohitajika.

Kwa ajili hiyo naiunga mkono safari ya punje. Ni mpangilio wa wakati na wa mahali kwa pamoja: shamba, uani, ghala. Kila mkulima anazo sehemu hizo kwake, na kesho yake akipita uani anakutana na hoja ya pili ikimsubiri hapo.

#9 Kongwa Karanga
Ndugu wa Kolo ameeleza vizuri, nami napinga kwa nia njema. Niliwahi kuombwa kuwaeleza wageni habari ya mradi wa karanga wa Waingereza hapa Kongwa. Kwanza niliupanga kwa miaka: mwaka 1947 kazi inaanza, vichaka vinang'olewa kwa matrekta na kwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za shamba, lengo la ekari zaidi ya milioni 3 linapunguzwa, na Januari 1951 serikali ya Uingereza inatangaza kuuacha mpango. Wasikilizaji waliifuata miaka bila shida, kisha wakauliza swali ambalo hotuba ilipaswa kuwa imelijibu: kwa nini ulishindwa?

Nilipopanga upya kwa visababishi, hoja zilikuwa mvua haba zisizotabirika, udongo wa mfinyanzi unaokauka na kuwa mgumu hata karanga hazichimbuki, na mashine zilizoshindwa na mizizi ya vichaka vya huku. Miaka yote ilibaki ndani, ila sasa ilikuwa ushahidi wa hoja. Sumukuvu nayo ina "kwa nini" nzito. Mkulima wetu anajua ukungu unapenda unyevu, halafu anaambiwa mwaka wa ukame una hatari zaidi. Safari ya punje itapita juu ya jambo hilo bila kusimama, na yeye ataondoka akidhani mtaalamu amejichanganya.

#10 Zuzu Ugani
Asanteni sana, na asante kwa sahihisho la mwaka. Ndugu wa Kongwa, hilo la ukame ndilo swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi vijijini. Maelezo yake ni kwamba mmea uliochoshwa na ukame na joto kali hupungukiwa na nguvu ya kujikinga, wakati kuvu ya Aspergillus inayotoa sumu hii inastahimili joto na ukavu. Wadudu nao wakitoboa gunzi au ganda la karanga, njia imefunguka. Unyevu unarudi kuwa adui mkubwa baada ya mavuno. Kumbe ni hatari mbili tofauti katika nyakati mbili tofauti, na hapo naona hata safari ya punje inaweza kuzitenganisha, mradi nisimame pale panapostahili.

#11 Nkuhungu
Kwa nini usichukue hatua tano za Alan Monroe zikakumalizia kazi? Unavuta usikivu, unaonyesha hitaji, unatoa suluhisho, unawafanya waone hali itakavyokuwa, unawaita wachukue hatua. Hotuba nzima inakuwa imeshapangika.

#12 Mwalimu Chamwino
Ndugu Nkuhungu, mpangilio huo wa Monroe, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na kuutoa miaka ya 1930, ulitengenezwa kwa ajili ya kushawishi. Ukiutumia hapa, hitaji litameza muda, na namna kuvu inavyofanya kazi, ambayo ndiyo elimu yenyewe, itabaki na dakika mbili.

#13 Sauti ya Singida
Mwalimu, hapo mpaka ni mwembamba kuliko unavyouchora. Mtu anayemwambia mkulima aanike juu ya turubai tayari anamshawishi, hata kama sauti yake ni ya mfafanuzi. Mimi sioni hotuba ya kilimo isiyo na ushawishi ndani yake.

#14 Mwalimu Chamwino
Ushawishi upo, sikatai, lakini haupangi hotuba. Mkulima akielewa kwamba mahindi yaliyoanikwa ardhini yanaokota kuvu kutoka udongoni, turubai atalitafuta mwenyewe bila kusukumwa. Tukianza kumsukuma kabla hajaelewa, ataitikia kwa heshima na kurudi kwenye desturi yake.

#15 Zuzu Ugani
Kwa kufuata michango yenu, huu ndio muhtasari kamili wa sasa. Naomba mwuchambue.

Wazo kuu: Sumukuvu huingia na kuongezeka katika mahindi na karanga kwenye sehemu tatu ambazo mkulima anazisimamia mwenyewe: shambani, uani na ghalani.
Utangulizi: mlipuko wa mwaka 2016, sumu haionekani kwa macho, wazo kuu, kutaja sehemu tatu.
I. Shambani, ukame na wadudu huifungulia kuvu njia.
 A. Kuvu huishi kwenye udongo na masalia ya mazao.
 B. Mmea uliochoka hauwezi kujikinga.
II. Uani, ukaushaji mbaya huipa kuvu unyevu inaouhitaji.
 A. Mazao yaliyoanikwa ardhini huokota kuvu na unyevu.
 B. Punje zilizovunjika na zilizooza ziondolewe mapema.
III. Ghalani na jikoni.
 A. Mahindi yaingie ghalani yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13 hivi.
 B. Panya, wadudu na paa linalovuja huirudisha hatari.
 C. Kiwango kinachoruhusiwa Tanzania ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo.
Hitimisho: kurudia sehemu tatu na jambo moja la kufanya katika kila moja.

#16 Mwalimu Chamwino
Kazi nzuri. I na II ni sentensi kamili zinazodai jambo; III ni kichwa cha habari tu, na ndiyo maana imekusanya mambo yasiyo ndugu. Kanuni ya kupima ni rahisi: kila herufi imjibu aliye juu yake. Ukiuliza "kwa nini ghalani kuna hatari?", A na B zinajibu, C haijibu. Kiwango cha kisheria hakina makazi ghalani, na jikoni hapakutajwa kwenye wazo kuu. Ama libadilishe wazo kuu, ama uyaondoe yote mawili.

#17 Binti Bahi
Jikoni pasiondolewe, tafadhali, kwa sababu sisi akina mama ndio tunaopokea hayo mahindi mwishoni. Waelezwe wapike muda mrefu ili sumu ife.

#18 Zuzu Ugani
Dada wa Bahi, hilo ndilo ninaloogopa watu waondoke nalo. Sumu hii inastahimili moto wa kawaida wa jikoni; kuchemsha au kusonga ugali kwa muda mrefu hakuiondoi. Kinachosaidia ni kuchambua kabla ya kusaga, yaani kutoa punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zilizotobolewa, ingawa punje inayoonekana nzuri haithibitishi usalama. Umenifanya nione kwamba jambo hili linastahili nafasi yake. Labda kwenye hitimisho?

#19 Ng'hong'onha
Hitimisho lisibebe taarifa mpya. Msikilizaji anaposikia dalili za kufunga huacha kupokea na kuanza kukusanya. Liweke kwenye utangulizi, pale unaposema sumu haionekani: haionekani, haina harufu ya kuiaminia, na moto wa jikoni hauiondoi. Hapo ndipo mkulima anapoelewa kwa nini lazima ashughulike na sehemu tatu za mwanzo.

Kuhusu mikrogramu 10 kwa kilo, kwa sikio la mtu takwimu hiyo ni hewa tupu. Lakini hesabu yake inasemeka: ni sawa na gramu moja iliyotawanyika ndani ya tani 100, yaani magunia 1,000 ya kilo mia mia. Mkulima anayajua magunia. Ukiitamka hivyo ataelewa kwa nini jicho halimsaidii, na takwimu itakuwa imepata makazi kwenye utangulizi uleule.

#20 Mzee wa Mpwapwa
Magunia elfu moja, hiyo nimeishika hata mimi. Sasa lile swali la katikati halijajibiwa. Katikati ni uani, na mnasema katikati husahaulika. Basi kijana apeleke chupa. Achukue chupa ya kioo kavu, atie mahindi na chumvi kavu, atikise dakika chache, aiache itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado ni mabichi, yamezidi asilimia 15 au karibu na hapo. Watu wakiona kwa macho, hapo katikati patakuwa pagumu kusahaulika.

#21 Sauti ya Singida
Mzee ametatua kwa chupa jambo tulilokuwa tukilitafuta kwenye saikolojia. Naongeza tu kwamba chupa ziwe mbili, moja ya mahindi makavu na moja ya mabichi, na mtu wa mbele azishike yeye. Kwenye muhtasari iandikwe muda wake kamili, kwa sababu maonyesho ya vitendo ndiyo yanayokula dakika bila kuaga.

#22 Mshereheshaji Area C
Samahani kwa kuingia na jambo la pembeni, ingawa naamini si la pembeni sana. Hakuna aliyehesabu itifaki. Mgeni rasmi, mkuu wa wilaya, madiwani, watendaji, viongozi wa dini na wazee maarufu wakitajwa mmoja mmoja, dakika 15 zinabaki 11. Kubaliana na mshereheshaji mapema alimalize hilo, nawe useme itifaki imezingatiwa, uanze.

#23 Mzee wa Mpwapwa
Hapo sikubali, mwanangu. Wazee wasiosalimiwa hawasikilizi. Wanakaa wakisubiri umalize. Salamu ni sehemu ya hotuba, na iwekwe kwenye muhtasari na muda wake, fupi na yenye adabu.

#24 Ihumwa Stesheni
Naona wote wawili mna hoja. Na kuna jambo nimeliona nikisikiliza hotuba za bajeti pale Bungeni. Aya zina namba, maana wabunge wana nakala mkononi na watazirejea, lakini msomaji huanza karibu kila aya kwa "Mheshimiwa Spika". Nilidhani ni adabu ya kiti tu. Nikiisikiliza kwa sikio la Sauti ya Singida, naona pia ni mlango: inatuambia lile limeisha na hili linaanza. Hadhira ya Nzuguni inaweza kupewa "ndugu wakulima" kwa kazi hiyohiyo, mara tatu tu, kila sehemu inapofunguliwa.

#25 Sauti ya Singida
Nakubali, lakini anwani peke yake haitoshi, kwa sababu haisemi uhusiano wa lililopita na linalokuja. Na neno moja kwa mleta uzi: muhtasari wa #15 ni wa kuandalia. Usipande nao jukwaani, utausoma. Andaa wa pili kwenye kadi zisizozidi tatu: maneno machache kwa kila hoja, sentensi za kuvukia zikiwa kamili, takwimu zilizoandikwa kwa tarakimu kubwa, na pembeni alama za muda na mahali pa kuinua chupa.

#26 Kibaigwa Sokoni
Nimesoma uzi wote. Mimi hununua na kuuza mahindi soko la Kibaigwa, na nashangaa soko halimo. Kwangu safari inaanza mwishoni: gari linafika, nauliza unyevu, narudi nyuma kuuliza yalikaaje ghalani, yalianikwa wapi. Wengi watakaokuwa Nzuguni ni wafanyabiashara kama mimi. Mpangilio wa kurudi nyuma ungetufaa zaidi, na ungefanana na ile rasimu ya pili iliyoachwa.

#27 Kongwa Karanga
Ndicho nilichokuwa nikikisema tangu #9. Ukianza na tokeo, kila hatua ya kurudi nyuma inajibu "kwa nini".

#28 Kolo Kilimani
Lakini mkulima hafanyi kazi kwa kurudi nyuma. Anapanda kwanza. Mpangilio unaomfaa mnunuzi unamlazimisha mzalishaji augeuze kichwani kabla ya kuutumia.

#29 Zuzu Ugani
Nimeuliza kwa waandaaji: kipindi changu kinafuata cha wafugaji, na waliosajiliwa ni vikundi vya wakulima, ila banda liko wazi kwa yeyote anayepita. Nimebaki na shamba, uani na ghala, "kwa nini" ya ukame nimeipa dakika tatu kamili katika sehemu ya kwanza, na salamu kwa wazee ina nusu dakika. Kibaigwa, naomba swali unalolitanguliza gari linapofika, kwa maneno yako mwenyewe, nilitumie kuifungulia sehemu ya ghala.

#30 Kibaigwa Sokoni
Huwa nauliza: "Haya yamelala wapi?" Kisha natia mkono katikati ya gunia, si juu, kwa sababu juu hukauka kwanza. Lakini bado nasema ungeanza na hilo.